Chumvi Kwenye Chemchemi ya Ihemela

Wapo wanaodhani mgeni mwema ni yule anayeshuka na furushi begani. Wakisikia "Mgeni njoo, mwenyeji apone," macho yao hukimbilia kwenye kikapu: kuna sukari? Kuna nyama? Wahenga hawakusema mwenyeji ale, walisema apone. Watu wa Ihemela, kijiji kilichojibanza kilimani, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Igowole, iliwachukua zaidi ya miaka mitatu kuijua tofauti hiyo.

Mwezi wa Machi 1971 upepo uliezua nyumba aliyokuwa akiishi nesi wa zahanati ya misheni. Alikuwa mwanamke wa Kiingereza, mtu mzima, mrefu kama mwanzi, na watu walimwita Mama Doroti. Waliomhurumia kwa maneno walikuwa wengi. Aliyemhurumia kwa mlango alikuwa mmoja tu, mjane Leokadia.

Nyumba ya Leokadia ilikuwa ya mwisho, juu kidogo ya chemchemi. Nyuma yake palikuwa na makaburi matatu: la mumewe Lutengano na ya watoto wao wawili. Kila asubuhi, kabla hajawasha moto, aliyapitia. "Kamwene," aliyasalimia kwa Kihehe, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani. Hakuwa na mali nyingine iliyomfunga duniani.

Habari za mgeni zilifika dukani kwa Halfani kabla mgeni hajafungua sanduku. Halfani alikuwa mtu wa Mlandege, Iringa mjini, aliyehamia na duka lake la chumvi, sabuni na mafuta ya taa, na benchi lake la nje halikupata kupoa hata siku moja.

"Dada Leokadia!" alimwita alipopita. "Mgeni njoo, mwenyeji apone! Haya tuambie, umepona nini? Mbona hata doti ya kanga hatujaiona?"

"Nimepona upweke, Halfani. Nawe Mungu akuponye umbea."

Benchi zima likaangua kicheko, na Halfani akacheka kuwashinda wote.

Jioni, wakimenya viazi jikoni, Mama Doroti alipenda kusimulia kijiji alichozaliwa. Kulikuwa na kanisa la mawe lenye mnara mfupi, na uwanjani mwake mti uliolitangulia kanisa lenyewe kwa umri. Kulikuwa na daraja la upinde, na hatua chache tu kutoka kanisani, kilabu cha pombe.

"Karibu na kanisa?" Leokadia aliacha kisu. "Padri anasemaje?"

"Padri naye hupita."

"Basi kwenu ni kama kwetu, tofauti ni ulanzi wetu wa mianzi tu."

Akasimuliwa pia siku ambayo vijana huvingirisha mlimani pande la maziwa yaliyogandishwa hadi yakawa magumu kama jiwe la kusagia, kisha hulifukuza mpaka bondeni, huku wakivunjika miguu.

"Chakula kinavingirishwa chini? Na wazee wanatazama tu?"

"Wazee ndio wanaoshangilia."

Leokadia alicheka hadi akafuta machozi kwa upande wa kanga. Lakini simulizi iliyomkaa rohoni ilikuwa ya kisima. Zamani, alisema Mama Doroti, ulikuja ukame, visima vyote vya jirani vikakauka, kile cha kwao kikabaki. Tangu hapo, kila mwaka ifikapo Sikukuu ya Kupaa Bwana, watu hukisafisha kisima, kisha hukivika ubao uliopakwa udongo na kupambwa kwa maua, kumshukuru Mungu.

"Kwanza mnakisafisha?"

"Mtu havishwi nguo mpya kabla hajaoga."

Leokadia alitazama mlangoni, kuelekea mteremkoni. Chemchemi yao ilikuwa tope, magugu na nyayo za ng'ombe; kila Oktoba wanawake walikesha wakigombea kata moja ya maji mekundu. Akainuka, akatoa jembe nyuma ya mlango. "Mgeni siku mbili, mama, ya tatu mpe jembe. Wewe tumekupitishia wiki saba."

Walishuka wote wawili. Siku tano walichimba tope hadi wakafika kwenye mwamba, wakapanga mawe kandokando, wakazungushia boma la miti kuzuia mifugo, na mdomoni mwa chemchemi wakatega mwanzi uliotobolewa. Maji yakaanza kutoka kama kamba ya kioo. Ilibaki kazi ya ubao, na udongo wa ubao, ili usikauke na kupasuka, huchanganywa na chumvi.

Hapo ndipo moto ulipowaka.

"Kilo tatu za chumvi!" Halfani alilitangazia benchi. "Wanawake wawili! Wallahi, wanapika nyati?"

Kesho yake mtu akawaona wakikanda chumvi na udongo pale pale chemchemini. Kufikia mchana Ihemela nzima ilijua kwamba mzungu anatia maji chumvi ili yakimbie. Mwenyekiti Yotamu, mtu mnyofu lakini mgumu kama kisiki cha mpingo, akaitisha mkutano kijijini.

"Leokadia, mila za watu zibaki kwa watu. Mgeni wako anatuulia maji."

Leokadia hakubishana. Alitoa kibuyu cha maji aliyoyakinga kwenye mwanzi, akanywa, kisha akamnyooshea. "Onja, Ndugu Mwenyekiti."

Yotamu hakuonja. Alisema mgeni abaki kwa sababu ya zahanati, ila atakayewasaidia kazi ile asije kulia kwake. Akageuka na kwenda zake, na wanaume wakamfuata.

Basi kila mwaka wanawake wale wawili waliichimba chemchemi peke yao. Mwisho wa 1973 Mama Doroti akarudi kwao, umri umekwisha kumlemea. Aliacha jembe, limenolewa, nyuma ya mlango. Mwezi wa Mei uliofuata Leokadia aliifanya kazi ile peke yake, na mgongo ukamuuma siku nane.

Oktoba 1974, wakati watu wakikusanywa katika vijiji vya pamoja, bwana mmoja wa serikali alifika Ihemela na karatasi, saa na debe. Alikuwa na sehemu mbili za kuchagua: hapo kilimani, au bondeni kando ya barabara.

"Kijiji kitakuwa penye maji," alisema. "Tena maji ya mwezi huu. Ya Machi kila mtu anayo."

Leokadia aligeuka, akatazama kule nyuma ya nyumba yake. Watu huhama na masufuria, huhama na kuku. Makaburi hayahami.

Yotamu alivua kofia. "Ndugu, sitaki kuidanganya serikali. Chemchemi yetu Oktoba huwa tope tupu."

Wanawake wakatazamana. Mmoja akaziba mdomo, mwingine akashindwa kuziba, na kicheko kikatembea kama moto wa nyika.

"Ndugu Mwenyekiti," Leokadia aliuliza kwa upole, "mara ya mwisho kushuka chemchemini ilikuwa lini?"

Yotamu akaigeuzageuza kofia mikononi. Wanaume wa Ihemela waliyanywa maji; hawakuyachota. Miaka mitatu wake zao walikuwa wakirudi mapema, ndoo zimejaa maji meupe, na hakuna mume aliyeuliza kwa nini.

Walishuka wote. Bwana yule aliweka debe chini ya mwanzi, akainama kufunga kamba ya kiatu. Alipoinuka, maji yalikuwa yanamwagika juu ya viatu vyake.

"Bondeni jana," alisema, "nilingoja nusu saa." Akaandika neno moja kwenye karatasi: Ihemela.

Vigelegele vilifika mpaka dukani. Yotamu alisogea kwenye mwanzi. Alichukua kile kibuyu cha Leokadia, akakinga, akaonja, akanywa chote. Leokadia hakumngoja aseme kitu. Alikwisha kupanda nyuma ya nyumba yake.

"Kamwene," alisema, amepiga magoti. "Tunabaki."

Mwezi wa Mei 1975, wiki ya Kupaa Bwana, chemchemi ilijaa watu kuliko arusi, pamoja na wageni wa vitongoji vitatu waliohamia kilimani kwa ajili ya maji yale. Safari hii wanaume ndio walioshika majembe. Juu ya ubao wakapanga maua ya njano na meupe hadi ikatokea picha ya jembe. Na aliyeleta chumvi, kilo tatu, begani mwake mwenyewe, alikuwa Yotamu.

"Halfani," Leokadia aliita, "uliniuliza nimepona nini."

Halfani alitazama maji, akatazama umati, na kwa mara ya kwanza akakosa utani. "Dada," alisema, "sikujua kumbe na mimi nilikuwa mgonjwa."

Mama Doroti kanga hakuleta, nyama hakuleta. Alipewa jembe na akaacha maji. Kweli wahenga hawakukosea: mgeni njoo, mwenyeji apone.