Njia Iliyofungwa Siku ya Shukrani

Mwanamke mmoja alikuwa na mtoto aliyempata kwa shida, na hofu ya kumpoteza ilikuwa kubwa kuliko furaha ya kuwa naye. Jina lake Tusekile. Aliishi na mumewe, Ambakisye, katika nchi ya milima na mashamba ya chai, mahali ambapo ukungu hukaa barabarani hata jua likiwa limeshapanda.

Mimba zake za kwanza ziliharibika. Iliyofuata ilifika, lakini siku ya kujifungua damu ilitoka ikakataa kukatika. Wakampandisha haraka hadi hospitali iliyo juu ya kilima, na wakunga wakampokea mlangoni kwa kukimbia. Kabla hajafumba macho alisikia mtu akisema, "Anatutoka huyu," na hakujua kama anasemwa yeye au mtoto. Ndipo akaweka nadhiri moyoni. Alisema: Bwana, ukituacha hai sisi wawili, nitarudi hapa kwa miguu yangu nikikimbia, wala sitasimama njiani. Kwa nini kukimbia? Mwenyewe hakujua. Labda ni kwa sababu sauti ya mwisho aliyoisikia ilikuwa ya viatu vya wakunga vikipiga sakafu. Labda ni kwa sababu saa ile miguu yake haikuwa na uhai kabisa.

Alipoamka, mtoto wa kike alikuwa amelala ubavuni pake. Wakamwita Gwantwa.

Ndugu zangu, mtu aliyepewa zawadi kama ile tungetazamia aimbe. Tusekile hakuimba. Usiku alisikiliza pumzi za mtoto, na mchana alimgusa paji la uso mpaka mtoto akawa anamkwepa. Akipata homa kidogo tu, mama yake alisema moyoni, Nadhiri imekuja kudai. Alimwona Mungu kama mtu aliyesimama nje ya mlango, kimya, mkono ameunyoosha, akingoja arudishiwe chake. Hakumwambia mumewe neno. Hofu ya namna hiyo haisemeki. Ukiitamka unadhani umeikaribisha ndani.

Mtoto alipokuwa ameanza kutembea, ikatangazwa kanisani kwamba hospitali inaandaa mbio za shukrani. Wote waliojifungulia pale, waume zao na jamaa zao, wakimbie kutoka sokoni bondeni hadi uwanja wa hospitali, kuishukuru wodi ya wazazi. Watu walipiga makofi. Tusekile hakupiga. Alijua ameitwa.

Tangu siku hiyo alikuwa akiamka mapema na kukimbia kwenye vijia vya mashamba ya chai, huku umande ukimlowesha mpaka magotini. Mumewe alimtazama kwa siku kadhaa, kisha akamwambia, "Mke wangu, hizi ni mbio za furaha. Wengine watatembea tu. Mbona wewe unakimbia kama mtu anayefukuzwa?" Tusekile akainama akafunga kamba za viatu upya, ingawa zilikuwa zimefungwa vizuri.

Siku ikafika. Sokoni palijaa fulana nyeupe. Kwaya iliimba, mchungaji akaomba, akina mama wakawainua watoto wao juu. Ambakisye alikuwa ametangulia kilimani na Gwantwa. Alikuwa amemwambia mkewe, "Tutakusubiri kwenye utepe. Ukituona, ujue umefika."

Barabara ya kupanda hospitali ni moja tu, hakuna nyingine. Wasimamizi wa mbio walikuwa wamefunga kamba kwenye kila njia inayoingia barabarani, gari wala pikipiki isije ikamgonga mkimbiaji. Lilikuwa jambo la busara. Gari la wagonjwa nalo lilikuwa limeegeshwa uwanjani, limepambwa kwa maputo. Katika mikutano yote ya maandalizi, hakuna aliyeuliza itakuwaje mtu akiugua siku ile.

Kipyenga kikalia. Tusekile akakimbia. Wenzake walicheka, walisalimiana, walipigana picha. Yeye aliangalia lami mbele ya miguu yake. Kifua kilimwaka, na ubavu ulimchoma, lakini kila alipotaka kupunguza mwendo alimwona mtoto wake amelala bila kupumua, na miguu ikaongeza yenyewe. Ukungu ulikuwa mzito. Watu walitokea ndani yake ghafla na kupotea ndani yake ghafla, na wakati mwingine alijikuta peke yake akisikia pumzi zake tu, akadhani ni za mtu anayemfuata.

Penye kona moja, pale kijia cha kutoka kwenye mashamba kinapokutana na barabara, palikuwa na kamba. Nyuma ya kamba palikuwa na bodaboda. Mwanamke mwenye mimba kubwa alikuwa amekaa katikati, amemwegemea dereva mgongoni, na nyuma yake mama mtu mzima, mkwe wake, amemshika kiunoni asianguke. Kanga ya yule mwanamke ilikuwa imelowa, na lile si jasho.

Mama mkwe alikuwa akimsihi msimamizi. "Baba, tupishe. Nakuomba. Huyu anaumwa."

"Mama, njia imefungwa," msimamizi akasema. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye kibendera mkononi, wala hakuwa mkatili. "Nimeambiwa nisipitishe chombo. Wacha hawa wapite kwanza. Leo ni siku ya shukrani."

Wakimbiaji waliwaona. Wengine walitikisa kichwa kwa huruma, wakapita. Wengine walifikiri kwamba msimamizi bila shaka anajua la kufanya, wakapita. Mmoja alisema, "Mungu atawasaidia," akapita. Na Tusekile naye akapita. Nisiwafiche. Aliona yote, akageuza uso, akapita. Alisema moyoni, Niliahidi kutosimama. Nikisimama, Gwantwa atakufa. Huyu ana mkwe wake, ana dereva, ana watu. Gwantwa ana mimi tu.

Alikwenda mpaka ukungu ukaifunika kona nyuma yake. Bado alimsikia mama mkwe akilia. Kilio angeweza kukikimbia. Lakini yule mgonjwa mwenyewe hakuwa amelia hata mara moja. Alikuwa kimya, midomo imepauka, macho yamefunguka bila kutazama kitu. Na ukimya ule Tusekile aliujua. Aliwahi kuwa ndani yake.

Akasimama.

Mara miguu ilipotulia, alihisi kitu kimekatika kifuani. Alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na wa kumsikia, "Nimemuua mwanangu." Kisha akageuka, akarudi chini kwa kukimbia, dhidi ya watu waliokuwa wakipanda. Alikuwa analia. Alirudi akiamini kwa moyo wote kwamba kila hatua inamzika mtoto wake, na bado alirudi.

Alifika kwenye kamba hakusalimu. Akaanza kufungua fundo. Msimamizi akamshika mkono. "Dada, unafanya nini? Nitaulizwa mimi!" Tusekile akaendelea kulivuta. Fundo lilikuwa limekazwa na umande, likakataa kufunguka. Msimamizi akamtazama usoni, kisha akaitazama ile kanga, kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Akauachia mkono wake. Akapiga magoti, na yeye ndiye aliyelifungua lile fundo.

"Nifuate," Tusekile akamwambia dereva. "Mimi natangulia. Nitakusafishia njia."

Akakimbia mbele ya pikipiki akipaza sauti, "Pisheni! Njia! Kuna mzazi! Njia!" Hakuwa na pumzi za kukimbia na kupiga kelele kwa pamoja, lakini alifanya yote mawili. Wengine walikasirika kusukumwa. Wengine waligeuka, wakaiona damu, wakarukia majani. Na waliokuwa mbele, waliposikia, wakaanza kupaza sauti nao. Sauti ikapokelewa mdomo kwa mdomo, ikapanda kilima ndani ya ukungu upesi kuliko mtu yeyote anavyoweza kukimbia. Ilifika uwanjani kabla yao. Wakunga waliokuwa wamejipanga kupokea maua waliisikia, wakayaweka chini, wakakimbilia wodini.

Ukiingia lango la hospitali ile, kulia ni uwanja na kushoto ni wodi ya wazazi. Kulia palikuwa na ngoma, na utepe, na Ambakisye na mtoto. Dereva alikuwa mgeni, hakujua aelekee wapi. Tusekile akapinda kushoto. Hakuugusa utepe. Hata kuuona hakuuona.

Mlangoni alisimama mkunga mmoja mtu mzima, Sista Bupe, bado amevaa fulana ya mbio. Ndiye aliyempokea Tusekile mwenyewe siku ile yake. Wakasaidiana na Tusekile kumteremsha mgonjwa, ambaye jina lake lilikuwa Lugano, wakamwingiza ndani. Mlango ukafungwa. Mama mkwe akakaa chini sakafuni pale pale, akajifunika uso.

Ndipo hofu yote ya Tusekile, aliyokuwa ameiacha nyuma kwa muda, ikamfikia.

Akaenda uwanjani. Chini ya utepe hapakuwa na mumewe. Hapakuwa na mtoto. Akauliza huku, akauliza kule. Watu walimshangaa kwa damu iliyokuwa kwenye fulana yake, wakamrudia kwa maswali yao wenyewe. Hatimaye mama mmoja akasema, "Ambakisye? Nimemwona sasa hivi amembeba mtoto, anakimbia kuelekea kule nyuma. Mtoto alikuwa analia sana, halafu nikaona amenyamaza."

Amenyamaza. Tusekile hakusikia kitu kingine. Njia yote ile alikuwa ameiweza, lakini kutoka pale hadi nyuma ya jiko la hospitali hakuiweza. Alitembea akishika ukuta. Alijua atakachokikuta. Alikuwa amekijua tangu siku ya kwanza.

Aliwakuta kwenye bomba la maji. Gwantwa alikuwa ameketi matopeni akipiga maji kwa viganja. Puto lilikuwa limepasuka karibu naye uwanjani, akashtuka, akalia, na baba yake akamkimbiza mbali na kelele. Basi. Hakukuwa na jambo jingine. Tusekile akamwinua, akamkumbatia kwa nguvu mpaka mtoto akamsukuma.

"Una nini?" Ambakisye akauliza. "Hii damu ya nani?" Naye akaanza kumfuta mtoto matope miguuni.

Walikuwa bado pale Sista Bupe alipotoka kuja kunawa. Alikuwa amechoka. Alisema Lugano yu hai, damu imekatika. Mtoto ametolewa akiwa mnyonge, wamemweka kwenye mashine ya joto, na bado hawajui kama ataishi. Akafungua bomba.

Ndipo Tusekile akasema yote, mbele ya mumewe, maneno yakitoka kama matapishi. Nadhiri. Homa. Yule anayengoja nje ya mlango. "Niliahidi sitasimama, Sista. Na nimesimama. Na mwisho sikufika. Sasa atachukuliwa?"

Mkunga aliosha mikono yake, kidole kwa kidole, hata Tusekile akadhani hakusikia. Kisha akafunga bomba, akamtazama.

"Mwanangu," akasema, "siku ile tulikupa mtoto. Hatukukuazima."

Akarudi ndani kwa mgonjwa wake.

Mtoto wa Lugano alipona, ingawa alikaa muda mrefu kwenye joto, na mama yake alikuwa akilala kwenye kiti pembeni yake. Kwenye mbio zilizofuata, barabara haikufungwa tena. Wakimbiaji walipewa upande mmoja, na upande wa pili ukaachwa kwa wanaougua. Msimamizi yule yule ndiye aliyelitaka hilo. Tusekile alikimbia tena, tena polepole, akizungumza na wenzake. Sisemi kwamba hofu ilimwacha. Hofu iliyokaa ndani ya mtu miaka haiondoki kwa neno la siku moja. Lakini alikuwa ameshajua kwamba haitoki kwa yule aliyempa mtoto.

Nasi tuliopewa uhai tusioustahili, tunaokuja hapa kila juma kwa nyimbo na sadaka: tunamkimbilia Mungu kwa sababu ametupa, au kwa sababu tunaogopa atatunyang'anya?