Koleo la Mrindoko

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii mnaisema mkifeli mtihani, mnaisema mkiachwa na wachumba, na leo ndiyo kwanza mnauliza ilitoka wapi. Haya, kaeni niwaeleze ilivyoanza.

Huko milimani Upareni aliishi mhunzi aliyeitwa Mrindoko, bingwa wa kufua majembe. Koleo lake la chuma alilirithi kwa baba yake, naye alilithamini kuliko vyombo vyake vyote. Siku moja, akiwa amebana chuma chekundu, koleo likakatika. Mrindoko akanyoosha mkono wa kulia akakidaka kile chuma. Mimi na nyie tungeruka pembeni, lakini mkono wa mhunzi haukuzoea kuiacha kazi ianguke. Vidole vikaungua mpaka mfupani.

Wiki tisa alilala ndani. Mkewe, Nakijwa, alimlisha kama mtoto. Majirani walileta uji, kuni na dawa ya kidonda. Mrindoko hakumshukuru hata mmoja. Nasema wazi, alikuwa mgonjwa mwenye gubu. Kila wema ulimuuma, kwa kuwa ulimkumbusha kwamba sasa yeye ni mtu wa kupewa. Mwishowe akamwambia mkewe, "Mwite mhunzi wa ng'ambo ya bonde, kesho aje achukue mivukuto na nyundo. Koleo limevunjika, mkono umekufa. Hapa hakuna uhunzi tena."

Nakijwa akatuma mtu.

Asubuhi, kabla mgeni hajafika, Mrindoko akasikia majembe shambani kwake. Kijiji kilikuwa kimekuja msaragambo, ile kazi ya pamoja ya Wapare, kumlimia. Akageukia ukutani kama kawaida yake. Lakini sikio la fundi halilali. Akaanza kuyatambua majembe kwa mlio: lile la Mzee Kiangi, hili la mjane Namkunda. Yote aliyafua yeye, na sasa yote yalikuwa yakimlimia yeye. Ila la Namkunda lilikuwa likilia vibaya.

Akatoka nje kwa mara ya kwanza.

"Namkunda! Jembe lako limepasuka. Mbona hukuniletea?"

"Nikuletee vipi, kaka, nawe umelala? Nikaona nilime nalo hivyo hivyo. Mvua haitusubiri."

Mrindoko akalia mbele za watu, mtu mzima yule, wala hakujificha.

"Ahsanteni," akasema. "Wiki tisa mmenibeba, nami nimewanunia tu. Nisameheni." Kisha akamgeukia mkewe: "Mama Senzia, washa moto."

"Kwa koleo gani, Baba Senzia?" Nakijwa akauliza.

"Kata mti mbichi, uupasue katikati."

Mzee Kiangi akavukuta moto. Nakijwa akabana chuma cha jembe lililopasuka kwa mti mbichi uliokuwa ukifuka moshi, na Mrindoko akagonga kwa mkono wa kushoto. Alipiga fuawe iliyokuwa chini ya chuma mara nyingi kuliko chuma chenyewe. Watu wakacheka, naye akacheka mpaka akaketi. Jembe lilitoka limepinda kidogo, lakini lilitoka, na Namkunda akalipokea kwa mikono miwili.

Hapo ndipo mhunzi wa ng'ambo alipotokea, na kamba zake za kufungia mizigo begani.

"Nimekuja kuchukua vyombo," akasema. "Nimeambiwa koleo limevunjika."

"Limevunjika kweli," Namkunda akamjibu. "Lakini karibu uji, bwana, kisha urudi mikono mitupu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."