Kuku Mgeni Mwenye Meno

Hebu fumbeni macho, watoto, muuone mpera mmoja katikati ya uwanja. Ni jioni. Kiangazi kimekausha majani, na juu hakuna pera hata moja. Lakini matawi yameinama kwa uzito. Tazameni vizuri. Hayo si matunda. Ni kuku, wamepanda kulala.

Kando ya mpera huo palikuwa na banda zuri la fito na udongo, lenye paa la makuti na mlango wa mbao. Hakulala humo kuku hata mmoja. Jogoo Kuchi, mrefu wa miguu na mrefu wa maneno, alikuwa amekataza.

"Kulala bandani ni aibu," alisema. "Babu yangu alilala juu. Baba yangu alilala juu."

"Na wako wapi sasa?" aliuliza mkewe Kishingo, kuku ambaye shingo yake haikuwa na unyoya hata mmoja.

"Waliliwa. Lakini walikuwa juu!"

Aliyewala alikuwa Fisi. Mwaka ule mto ulikauka, wanyama wengi wakahama, na Fisi akabaki na tumbo lake. Hakujua kupanda miti, wala hakuhitaji kujua. Giza likiingia, kuku haoni kitu. Fisi alikuja, akaukumbatia mpera kama ndugu yake wa tumbo moja, akautikisa. Pu! Kuku chini. Akambeba na kwenda zake akisema, "Mwaka huu mapera yana manyoya."

Kishingo alikuwa na vifaranga. Usiku aliwaficha kwenye ufa wa mawe ambamo pua ya Fisi haikupita. Lakini sasa mabawa yao yalikuwa yamepata nguvu, na kila jioni walirukia tawi la chini wakitaka kumfuata baba yao. Kishingo alijua kwamba siku watakapofika juu, Fisi atawachuma wote. Akaenda kwa Sungura.

Alimkuta akipalilia kunde zake.

"Mjomba Sungura, nisaidie. Nataka watoto wangu walale bandani."

"Kwani nani kawafukuza humo?"

"Baba watoto anasema ni aibu."

"Hiyo ni sababu ya jogoo. Nipe sababu ya kuku."

Kishingo akatazama pembeni. "Mna utitiri humo, wadudu wanaonyonya damu. Ukilala humo unaamka umebaki nusu."

"Haya, sasa tunaongea," alisema Sungura. Kisha akatazama kunde zake. Kila alfajiri kuku walishuka mtini na kuingia moja kwa moja shambani mwake kuparua. Kuku wa bandani hutoka mlangoni, akawaza, na mwenye kufungua mlango ndiye mwenye kuchagua saa. "Nitawasaidia kwa upendo tu, mwanangu," akasema, na nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli.

Sungura akatoa takataka zote bandani, akazichoma, akapaka majivu katika kila ufa mpaka utitiri ukaisha. Akaweka fito laini za kulalia, maana kuku hata akiwa ndani hupenda kukaa juu kidogo. Halafu akawaingiza Kishingo, vifaranga na mitetea wote, akawawekea maji na chakula, akafunga mlango. Hakuufungua siku ile, wala iliyofuata, wala iliyofuata hiyo, mpaka walipopazoea.

Kuchi akawa anapita nje akitikisa upanga wake mwekundu wa kichwani. "Wafungwa, hamjambo?"

"Hatujambo," alijibu Kishingo kutoka ndani. "Wala hatuwashwi."

Siku Sungura alipowafungulia, walitawanyika uwanjani wakishangilia. Lakini jua lilipoanza kushuka, alitikisa chenga za mahindi ndani ya kopo, chaka-chaka, akazimwaga bandani na si mahali pengine. Tumbo la kuku lina kumbukumbu nzuri kuliko kichwa chake. Waliingia mbio.

Tembe mmoja tu, kuku ambaye hajaanza kutaga, aliurudia mpera. Sungura alimbeba taratibu, akamweka ndani. Kesho yake akaurudia. Sungura akambeba tena, bila kumpiga wala kumtukana, mpaka jioni moja tembe alijiendea mwenyewe kana kwamba wazo lilikuwa lake. Watoto, hivyo ndivyo kichwa kigumu kinavyofundishwa.

Kuchi alibaki mtini peke yake, kama bendera.

Fisi alipokuja akakuta matawi matupu na jogoo mmoja mkavu, alikasirika. "Huyu ni mifupa na kelele," alisema. "Nawataka walio ndani. Wote." Akarudi nyumbani, ambako manyoya hayakukosekana, nanyi mnajua yalikotoka. Akajipaka ulimbo mwili mzima, ule utomvu wa kunasia ndege, akayabandika manyoya. Kichwani akachomeka ua jekundu liwe upanga. Kesho yake, jua likizama, akafika uwanjani kwa maringo.

"Hodi! Mimi ni kuku mgeni. Natoka mbali, naomba pa kulala."

Sungura akamtazama kuanzia ua mpaka mkia. "Karibu, mgeni. Mbona mkubwa hivyo?"

"Mimi ni kuku wa kisasa."

"Na hayo meno?"

"Ya kisasa pia."

"Hebu lia kidogo tukusikie."

Fisi akakohoa. "Ko... ko... ko-uuuuwi!"

Vifaranga wakacheka. Kishingo hakucheka, akawavuta nyuma yake. Sungura akamkonyeza.

"Ni kuku kabisa huyu," alisema Sungura. "Basi, mila ni mila. Kuku mgeni hapa hufungwa kamba mguuni mpaka apazoee, asije akapotea."

"Hata mimi nilifungwa nilipofika," alisema Kishingo, akijikaza. "Kwenye mpera huuhuu. Sikulalamika."

Fisi akasita. Akikataa, si kuku. Akikubali, amefungwa. Akawatazama vifaranga walivyonenepa, akajiambia, kamba ya kuku ni uzi tu. Akanyoosha mguu.

"Kuku wa kisasa, kamba ya kisasa," alisema Sungura, akatoa kamba ya kufungia ng'ombe dume. Akamfunga kwenye mpera, akamsogezea pumba. "Kula, mgeni. Jisikie nyumbani."

Fisi akameza pumba huku machozi yakimtoka.

Chaka-chaka! Kopo likalia. Kuku wakapita mmoja mmoja kuelekea bandani, hatua moja tu kutoka pale kamba ilipoishia, maana Sungura alikuwa ameipima. Kishingo alikuja mwisho, vifaranga wakiwa mbele yake. Mmoja akasimama.

"Mama, mgeni anadondosha mate."

Fisi hakuweza kujizuia tena. Aliruka kwa nguvu zote, mdomo wazi. Kishingo akatanua mabawa mbele ya wanawe. Kamba ikakaza, ikamkamata Fisi angani, na mpera ukatikisika kuliko alivyowahi kuutikisa yeye mwenyewe.

Pu!

Jogoo Kuchi, aliyekuwa amesinzia juu, akaanguka, akatua kichwani mwa Fisi. Kwa kuwa macho yalikuwa bado yamejaa usingizi, alishika chochote alichokipata, na alichokipata kilikuwa masikio na pua. Akaikita miguu yote miwili. Fisi akalia kwa sauti yake ya kuzaliwa.

"Naona mgeni ameanza kuzoea," alisema Sungura.

Kuchi akajinasua, akakimbilia bandani, akawapita watoto, akampita mkewe, akawa wa kwanza kwenye ufito wa nyuma kabisa. Kishingo akaingia na vifaranga wake wote, na Sungura akafunga mlango.

Fisi aliitafuna kamba mpaka ikakatika. Akaondoka na kipande mguuni na manyoya matakoni, maana ulimbo haubanduki upesi. Kila alipopita wanyama walimwamkia, "Shikamoo, kuku! Umeshataga?" Aibu na njaa vikamhamisha nchi.

Asubuhi Kuchi alitembea uwanjani kifua mbele. "Mliona nilivyomrukia?"

"Tuliona, baba watoto," alisema Kishingo. "Na leo jioni utaruka tena, au utaingia?"

Kuchi akasafisha koo. "Nitaingia. Ninyi mnahitaji mlinzi."

Tangu siku ile mlango ulifunguliwa jua likiwa limepanda, Sungura akiwa ameshachuma kunde zake. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Basi, watoto wazuri, fumbueni macho. Mkiyasahau mengine yote, nawaomba mnikumbukie hili moja: njia ya mwongo ni fupi.