Msomi Aliyepewa Kupima Kazi Iliyompinga

Ndugu zangu, hebu mfikirieni mhadhiri mmoja wa chuo kikuu, bingwa wa magonjwa ya mihogo. Kwa wasomi makala haichapishwi hivi hivi. Mhariri wa jarida humpa msomi mwingine aipime kwanza, na jina la mwandishi hufichwa. Basi mhadhiri wetu akaletewa makala aipime, naye akaketi kuisoma huku anakunywa chai. Kufika ukurasa wa pili, hamu ya chai ikamwisha. Makala ilisema ile mbegu ya muhogo aliyoisifu yeye, iliyompatia jina mpaka redioni, haihimili ugonjwa hata kidogo!

"Mtu huyu ananivua nguo hadharani," akamlalamikia mkewe.

"Kwani anasema uongo?"

"Hapo ndipo penye shida. Nimepitia vipimo vyake vyote. Ni kweli tupu."

"Sasa?"

"Naweza kuikalia tu. Nani atajua?"

Mkewe akacheka. "Mimi nimeshajua, baba watoto, na mdomo wangu unaufahamu."

Mhadhiri naye akacheka, bila kupenda. Lakini moyoni alijiuliza: na wale wakulima wanaojiandaa kuipanda mbegu ile? Asubuhi akampigia simu mhariri.

"Ndugu mhariri, kazi hii inanipinga mimi. Haifai niwe mwamuzi wa kesi yangu mwenyewe, mtafute mwingine. Ila ukiniuliza, anasema kweli, na wakulima waisikie kabla ya mvua."

Mhariri akaangua kicheko. "Mwingine nitamtafuta, Daktari. Lakini unajua nani alikutaja? Mwandishi mwenyewe! Alisema, 'Mpeni yule ninayempinga. Kama nimekosea, yeye ndiye atakayeona, na hawezi kunionea.'"

 Kumbe yule ambaye mhadhiri alitaka kumzima ndiye aliyemwamini kuliko wote! Makala ikatoka, wakulima wakapanda mbegu nyingine, na mwaka ule mihogo ikajaa mpaka watu wakagawiana.

Sasa tujiulize sisi. Makala hatupimi, lakini watu je? Si tunaulizwa kila siku: "Yule kijana anafaa kuajiriwa? Yule mama aongoze kwaya?" Mwenyewe hayupo, hasikii, hana wa kumtetea. Hapo ndipo unapokumbuka kwamba mwaka juzi hakukusalimia! Unacheka wewe wa nyuma pale? Ni wewe hasa ninayekuambia.

Ndugu yangu, huenda huyo unayetaka kumwangusha ndiye aliyewaambia hao wanaokuuliza, "Muulizeni yule, tunasali naye, atasema kweli."

Jamani, alikosea kututaja?