Magunia Yaliyopita Mbele ya Jiko

Mwalimu mkuu mmoja, jina lake Bugingo, alikuwa na shule ya bweni karibu na ziwa, na nyuma ya shule alikuwa na banda la kuku. Mayai yaliuzwa mjini, na kwa mayai hayo watoto walipata madawati na vitabu. Alikuwa mtu mwema. Nalisema hili mapema ili msije mkamtupia mawe haraka.

Hapo awali watoto wake walikula dagaa mara tatu kwa wiki. Siku moja mgeni mmoja wa heshima alichungulia sufuria, akacheka, akauliza kama shule imefilisika. Bugingo aliona haya. Tangu siku hiyo dagaa hawakuingia tena jikoni. Watoto wakala ugali kwa maharage, na asubuhi chai ya rangi. Mpishi wao, mama mtu mzima aitwaye Nyamizi, alinung'unika kidogo kisha akanyamaza, maana aliogopa kupoteza kazi.

Mwaka uliofuata mayai yakaanza kuwa na maganda laini, yakapasuka njiani. Bugingo alimwita bwana mifugo siku ileile. Akaambiwa kuku wamekosa madini ya kujenga ganda, wapewe dagaa na makombe ya konokono yaliyosagwa. Magunia yakaletwa. Nyamizi ndiye aliyeyapokea getini, akayapitisha mbele ya jiko lake mwenyewe mpaka bandani. Maganda yakawa magumu, na Bugingo akafurahi sana.

Kisha binti wa miaka kumi, Kabula, akateleza bombani akiwa na ndoo ya maji. Hakuanguka vibaya, watoto huanguka hivyo kila siku wakainuka wakicheka. Yeye mkono ulivunjika, naye alikuwa mtoto wa tatu kuvunjika mwaka ule. Bugingo akampeleka hospitali, na daktari akauliza watoto wa shule ile wanakula nini. Alipoambiwa, akasema mifupa yao haina madini ya kutosha, na mambo yakiendelea hivyo watavunjika wengine.

Bugingo akarudi shuleni, akamwagiza Nyamizi aongeze maharage. Yule mama akaweka mwiko chini.

"Mwalimu," akasema, "yai lilipopasuka ulimwita mtaalamu, na kesho yake dagaa wakaja. Leo amevunjika Kabula, nami naambiwa niongeze maharage?"

Bugingo aliumia moyoni, na ilimpasa aumie. Kesho yake aliagiza dagaa safi, akajitwika gunia la kwanza mwenyewe hadi jikoni, wazazi wa Kabula, waliokuja kumwona binti yao, wakimtazama. Kuku walipata waliobaki. Mkono wa Kabula uliunga, lakini umepinda kidogo hadi leo.

Basi nawauliza ninyi mlioshika funguo za shule, za hospitali na za magereza: kwenu hulishwa vema nani kwanza, kile kinachowaletea fedha, au mtu aliyekabidhiwa mikononi mwenu?