Kibuyu Kilichopasuka Harusini

Sogeeni, ngano imebisha hodi. Iingie? Haya, imeingia.

Zimwi lilitoka ng'ambo likaukalia mji, kibuyu kiunoni. Ukisema tu, "Nchi ni yetu," kibuyu kinameza sauti yako, unabaki bubu. Akasema mhunzi, akamezwa sauti. Akasema mwalimu, naye vilevile. Akasema mume wa Bi Mwanakombo, akarudi nyumbani akiomba maji kwa ishara.

Bi Mwanakombo, kiongozi wa lelemama, ngoma ya wanawake, alilia, kisha akawaza: kigelegele hakina neno wala kikomo. Kile kibuyu kilafi kitameza mpaka lini?

Akaandaa harusi. Zimwi likaja kula pilau, wanawake wakaanza vigelegele.

"Kelele za wanawake hizo," likasema, likaendelea kutafuna.

Kigelegele cha kwanza, kibuyu kikavimba. Cha pili, kikafanya ufa. Cha tatu, pwaa! Zimwi likatimua mbio, pilau mdomoni, lisirudi tena.

Sauti zikawarudia wenyewe. Mume wa Bi Mwanakombo akapaza yake: "Wanaume tumelishinda!"

"Nyinyi na nani, baba Mbaraka?" mkewe akamuuliza.

Bi Mwanakombo akaokota kigae cha kibuyu, akakifunga kwenye pindo la kanga. Tangu hapo, mwanamume akisimama kuhutubia ushindi, yeye hufungua pindo polepole, na msemaji huanza upya.

Ngano imekaa chini. Anayebisha, akakiguse kigae.