Mwosha Aliyeufungua Mlango

Wametusimulia waliotutangulia, nao walipokea kwa waliowatangulia, kwamba katika mji mmoja wa pwani, zama za nyumba za mawe, aliishi mja wa Mwenyezi Mungu aitwaye Mwanakheri binti Shekue. Kazi yake ilikuwa kuosha maiti wa kike, na hakutaka ujira ila dua. Mkono wake ulikuwa mwepesi na ulimi wake mzito: aibu aliyoiona kwenye mwili wa mtu aliifukia pamoja naye.

Lakini moyo wake ulipatwa na maradhi ya wasiwasi. Kila akimaliza kuosha, shaka lilimjia. Je, maji yalipita kati ya vidole? Je, yalifika nyuma ya sikio? Na ukimzika mja wa watu bila twahara, Mwanakheri, utamjibu nini Mola wako?

Aliyemstahimilia ni mwenzake Mwana Esha, aliyekuwa akimimina maji Mwanakheri akiosha.

"Nimeosha?"

"Umeosha."

"Wallahi?"

"Wallahi, mwenzangu."

Kwa jibu lile Mwanakheri akapumua, mpaka maiti mwingine.

Ikatokea homa ikamlaza Esha, na siku hiyo hiyo kukawa na msiba. Mwanakheri akaosha peke yake, akavisha sanda, kisha akaifungua akaanza upya. Akavisha, akafungua tena. Nje wachukuzi wa jeneza wamesimama juani, wafiwa wanalia na kulalama; Alasiri ikasaliwa, ikapita, maiti hajatoka. Tangu siku ile watu wakamwepuka. Jirani yake Bi Tima, mwanamke wa uradi mrefu na ulimi mrefu zaidi, alisema kibarazani, makusudi asikike:

"Imani haba hiyo! Moyo wenye Mungu hauna hofu. Angekuwa anasali kwelikweli, wasiwasi ungemtoka."

Angekuwa anasali! Mwanamke anayetawadha mpaka vidole vikakunjamana, anayerudia takbiri mpaka sauti ikakauka, eti hasali. Wako watu hulishika neno la Mungu kama jiwe, wakalenga kichwa cha mgonjwa, kisha wakaenda zao wakidhani wamenasihi.

Mwanakheri akajifungia. Alikula peke yake, akasikia vigelegele vya harusi kwa mbali asialikwe, na waliofiwa wakawa wanatafuta mwosha mji wa pili. Hakuna aliyebisha hodi hata kuuliza kama yu hai. Alitoka kwa jambo moja tu: kwenda kumuuguza Esha.

Siku moja, akimnywesha uji, akauliza, "Sijakuunguza?"

Esha akameza uji.

"Esha, sijakuunguza?"

"Sitakujibu."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Nimekujibu miaka yote na hukushiba. Shaka lako ni kama paka wa sokoni, mwenzangu. Nililitupia dagaa nikidhani nakuhurumia, kumbe nalifundisha njia ya nyumbani." Akakohoa, akapumzika. "Nikifa, utaniosha wewe. Osha kama sharia ilivyoagiza, kisha fungua mlango. Likilia, liache lilie."

"Na nikikosea?"

"Mola wako hakukukalifisha usiloliweza. Lakini ukiniosha mpaka ngozi ibanduke, nitainuka nikuzabe kofi mbele ya jamaa zangu wote!"

Mwanakheri akacheka huku machozi yanamtoka. Akaahidi.

Esha akafariki asubuhi moja, na jamaa wakaazimia azikwe baada ya Adhuhuri. Kwa kuwa Esha aliusia aoshwe na Mwanakheri, wakamwomba Bi Tima aingie kumimina maji. Akafika kizingitini, akaiona miguu chini ya shuka, akarudi kinyumenyume.

"Mimi... mimi maiti siwezi, jamani. Nitaota."

Mwanakheri hakumcheka. Akafunga mlango.

Ndani wakabaki yeye, mtungi, kata ya kuchotea maji, majani ya mkunazi yaliyopondwa, na rafiki asiyejibu. Akamtia udhu. Akaosha kichwa, akaosha upande wa kulia, kisha wa kushoto, akahitimisha kwa maji ya kafuri. Akamkausha, akamvisha sanda, akafunga.

Hapo shaka likaja. Kisogoni. Maji hayakufika kisogoni.

Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye fundo la sanda. "Nimeosha?" akauliza kwa sauti. Hakuwahi kuwa mpweke kama saa ile: ulimi pekee uliokuwa ukimtuliza ulikuwa chini ya kitambaa kile alichokifunga mwenyewe.

Nje wachukuzi wa jeneza wakabisha. "Mwanakheri, tayari? Imamu anangoja."

Akalikaza fundo. "Mola wangu," akasema, "nimeosha kwa kadiri ya ujuzi wangu, na shaka bado ninalo. Nakuletea vyote viwili." Kisha akafungua mlango.

"Mchukueni."

Wasimulizi hawakusema kwamba shaka lilimtoka pale pale. Lilimfuata nyumbani, likakaa likimsaili, naye akatwanga mtama wake bila kulijibu, mpaka likachoka kidogo. Kwa maiti aliyefuata likarudi, dogo zaidi. Na ziko siku lilirudi kubwa kuliko mwanzo. Aliwaosha wanawake wa mji ule hadi uzeeni, na hakuna jeneza lililomngoja tena juani.

Wanazuoni wetu wanafundisha kwamba yakini haiondoshwi na shaka. Hawakusema shaka halitabisha. Basi ewe unayewapimia watu imani kwa utulivu wa nyuso zao, yupi ana daraja kubwa: aliyekaa kibarazani bila hofu, au aliyeitimiza amana huku moyo unampasuka? Ukimwona mwenzio amezidiwa na fikra zake, weka kando hukumu yako, ingia ndani ukae naye. Na asiye na wa kukaa naye, Mwenyezi Mungu na amtoshe.